Kutoka kwenye programu hadi saitini: mwongozo kamili wa kuchora ramani za nyumba ya kujengwa Nairobi

Asubuhi moja huko Ruai, fundi mkuu alinyoosha tepu kwenye korido ya nyumba ya dadangu, akaisoma, akaisoma tena, kisha akanigeukia. "Injinia, karatasi inasema mita moja na sentimita tano. Tepu inasema themanini na nne."

Mimi si injinia. Ni mchoraji ramani, lakini saitini kila ajaye na karatasi huitwa injinia. Na fundi alikuwa amesema kweli. Ukuta ulikuwa kwenye kosi ya kwanza tu, yaani safu ya kwanza ya mawe, kwa hiyo tuliubomoa, tukaupanga upya, mawe machache yakaharibika na siku moja ikapotea. Kama angekuwa fundi wa kujenga bila kuuliza, dadangu angeishi na korido ambayo kabati haipiti.

Kosa lilitoka kwenye programu, au tuseme kwenye jambo ambalo sikuiambia programu. Nilichora kwa unene wa kuta uliokuja nayo: nje milimita 150, ndani 114. Huo ni ukuta wa mbao na bodi, jinsi wanavyojenga Marekani. Sisi tunajenga kwa mawe: nje 200, ndani 150. Kuta mbili za nje zikaongezeka milimita 50 kila moja, kuta tatu za ndani 36 kila moja, jumla 208. Fundi alishika kipimo cha nje cha nyumba kama kilivyoandikwa, akashika vyumba, na zile 208 zikatolewa koridoni. Elfu moja na hamsini ukitoa 208 ni 842.

Tangu siku hiyo kila mstari ninaochora najiuliza fundi atausoma vipi nikiwa sipo. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya swali hilo.

Kabla ya kufungua kompyuta

Nenda kiwanjani na tepu. Ploti nyingi za pembezoni mwa Nairobi huuzwa kwa jina la "50 kwa 100", yaani futi, ambazo ni milimita 15,240 kwa 30,480. Ya dadangu ilipopimwa kutoka bikoni hadi bikoni, yaani alama za mipaka, upande wa mbele ulikuwa 14,980. Sentimita 26 ziliishia kwenye ua wa jirani. Kama bikoni hazionekani, mlete mpima ardhi aliyesajiliwa azionyeshe kabla hujachora chochote, na nakala ya ramani rasmi ya eneo itafutwe Survey of Kenya pale Ruaraka. Nyumba iliyochorwa juu ya kiwanja cha kusadikika itahamishwa tu, na ukihama kwenye karatasi unahamisha kila kitu.

Ukiwa pale, andika vitu ambavyo programu haiwezi kuvijua: kaskazini iko wapi, ardhi inateremkia upande gani, nguzo ya stima iko wapi, bomba la maji linapita wapi, maji ya mvua ya Aprili hutuama kona ipi. La mwisho muulize jirani aliyeishi hapo miaka mitano. Chimba pia shimo la kutazama udongo. Ruai, Utawala na sehemu kubwa ya Embakasi zina udongo mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha. Nyumba haikalishwi juu yake. Unachimbwa na kuondolewa hadi ardhi ngumu, hata chini ya sakafu, na kina cha kuchimba huamuliwa na mhandisi.

Kuchagua programu

Watu huuliza programu ipi ina picha nzuri. Mimi nauliza kama inakata nyumba. Namaanisha hivi: uweze kupitisha kisu katikati ya nyumba uliyochora, kutoka mabati hadi msingi, na programu ikuonyeshe kilichomo ndani ya ukuta, sakafu na paa, kwa vipimo. Mchoro huo tunauita mkato, na ndio karatasi ambayo fundi huishika zaidi. Programu isiyokata haiwezi kukupa ramani ya kujengea, hata kama picha zake zinang'aa.

Sweet Home 3D ni ya bure, nyepesi, imekuwapo tangu 2006, na haihitaji intaneti ukishaiweka. Naipenda kwa kazi moja, ya kufikiri: kupanga vyumba, kuweka vitanda, kutembea ndani ya nyumba kabla haijawa nyumba. Lakini haitoi mkato wa kumpa fundi. FreeCAD nayo ni ya bure, na inakata. Ina sehemu yake ya majengo na nyingine ya kupanga karatasi. Inataka subira ya wiki kadhaa kuizoea. SketchUp inapendwa na vijana wengi, ila karatasi zenye vipimo hupangwa kwenye LayOut, ambayo huja na toleo la kulipia. Ofisi za wasanifu hapa hutumia zaidi AutoCAD, ArchiCAD na Revit. Programu za simu ziache kwenye picha.

Usitumie nakala iliyovunjwa. Niliwahi kupoteza mafaili ya mteja kwa virusi vilivyokuja na moja ya hizo, na ilibidi nichore upya usiku kwa usiku. Ya bure inatosha kuanzia.

Kabla hujaamua, mpigie msanifu majengo atakayepitia kazi yako umuulize anapokea faili la aina gani. Wengi watakwambia DWG, wengine IFC. Programu isiyoweza kutoa aina hiyo itakulazimu uchorewe upya, na utalipia mara mbili.

Msanifu anaingia wapi

Hili nilitaje mapema. Kujichorea si kosa, ila michoro haipelekwi kaunti kwa jina lako. Nairobi maombi ya ujenzi hupelekwa kwa mfumo wa mtandaoni wa kaunti, kupitia msanifu aliyesajiliwa na BORAQS, bodi ya wasanifu na wakadiriaji majenzi, na michoro ya zege na chuma hutoka kwa mhandisi aliyesajiliwa na EBK, bodi ya wahandisi. Mradi wenyewe husajiliwa NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi. Kuanza kujenga bila kibali ni kosa chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, na Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025, zimechukua nafasi ya zile za 1968. Kwa hiyo mwongozo wa zamani uliookota mtandaoni unaweza kukupoteza.

Watu hutafuta njia ya kumkwepa mhandisi ili waokoe pesa. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, ghorofa lilianguka Huruma na watu zaidi ya 50 wakafa. Nakuomba usimkwepe.

Faida ya kujichorea ni nyingine: unafika kwa msanifu ukijua unachotaka, vyumba vimeshafikiriwa, na mazungumzo yanaanza mbali. Mpelekee mapema mpango wa kwanza. Yeye ndiye atakayekwambia ni umbali gani uachwe kutoka barabarani na kwa jirani katika eneo lenu, na kama kuna njia ya stima au mto wa kuepuka.

Kuiweka programu sawa

Hatua hii huchukua nusu saa na ndiyo niliyoiruka Ruai.

Badilisha vipimo kuwa milimita. Si sentimita, si futi. Fundi anaweza kukuzungumzia kwa futi siku nzima, lakini karatasi iwe na lugha moja, na ya msanifu na mhandisi ni milimita. Tengeneza kuta zako: moja ya mawe ya 200 ya nje, moja ya 150 ya ndani, uzipe majina, ufute zile zilizokuja na programu ili usizishike kwa bahati mbaya. Plasta huongeza kama milimita 15 kila upande. Mimi huchora jiwe tupu, kwa sababu fundi hupanga jiwe kabla ya plasta, kisha naandika pembeni kwamba vipimo vyote ni vya jiwe. Ukumbuke tu kwamba korido ya 1,200 itakuwa 1,170 ikishapigwa plasta.

Milango ina mtego wake. Programu nyingi za Marekani zikisema mlango ni 900 zina maana ya ubao wenyewe. Fundi wa hapa akisoma 900 anaacha uwazi wa 900 ukutani. Fremu ya mbao ikila 50 kila upande, ubao unabaki 800. Amua unachotaka: kama unataka ubao wa 900, andika uwazi wa 1,000. Kisha eleza kwenye jedwali la milango kwamba vipimo ni vya uwazi ukutani. Jedwali hilo hilo ndilo litakalokwenda kwa fundi wa kuchomelea madirisha, na yeye haoni nyumba, anaona namba tu.

Mwisho weka mahali na kaskazini. Sweet Home 3D ina dira: ukiandika latitudo ya Nairobi, takriban digrii 1.3 kusini, na kugeuza kaskazini ilingane na kiwanja, itakuonyesha jua kwa tarehe na saa unayotaka. Kwetu jua la adhuhuri huegemea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba, lakini halitoki mbali na utosi. Ukuta unaoumia ni wa magharibi. Jaribu saa kumi jioni ya Februari uone linaingia chumba gani. Dadangu alitaka chumba cha watoto upande huo. Alipoona kwenye skrini jua likijaa kitandani, akakibadilisha na jikoni na stoo bila mabishano.

Kuchora sakafu

Anza na mstari wa kiwanja kwa vipimo ulivyopima, si vya muuzaji. Kisha nyumba ndani yake. Nyumba ya Ruai ina upana wa 9,600. Tukaacha 2,000 kushoto, na kulia zikabaki 3,380 za gari kupita. Jumlisha: 2,000 na 9,600 na 3,380 ni 14,980. Lazima zilingane na kiwanja hadi milimita ya mwisho.

Hesabu hiyo hiyo iende ndani. Huu hapa mstari mmoja wa vipimo unaokata nyumba kutoka kushoto kwenda kulia: ukuta 200, chumba 3,000, ukuta 150, bafu 1,500, ukuta 150, korido 1,200, ukuta 150, chumba 3,050, ukuta 200. Jumla 9,600. Uandike mnyororo huu wote, bila kuacha tundu, na juu yake mstari wa pili wenye kipimo kizima cha nje. Programu hukuruhusu kuandika vipimo vya vyumba tu na kuacha kuta. Usikubali. Mnyororo uliokamilika hujifichua ukiwa na kosa, kwa sababu jumla hukataa.

Tena, usiandike namba kwa mkono juu ya kipimo kilichopimwa na programu. Kikisoma 3,047, sogeza ukuta hadi kisome 3,050. Namba ya kubandika hudanganya pale unapobadilisha kitu kesho.

Fanicha ziweke kwa vipimo vya kweli vya vitu ulivyonavyo. Kitanda cha futi 5 kwa 6 ni 1,524 kwa 1,829. Ukishahakikisha vinaingia, zima tabaka la fanicha. Kwenye karatasi ya fundi hazitakiwi.

Mkato: karatasi inayostahili siku mbili

Kata nyumba mahali penye mengi ya kuonyesha, si panapopendeza. Sisi tulipitisha kisu dirishani, bafuni na kwenye kilele cha paa. Programu itakupa umbo, lakini maudhui ya chini ya ardhi utayachora mwenyewe, na mhandisi atayathibitisha au kuyabadilisha.

Kutoka chini: mtaro hadi ardhi ngumu, zege la msingi, ukuta wa msingi wa jiwe la 200. Ndani ya kuta, baada ya udongo mweusi kuondolewa, maramu inayoshindiliwa kwa matabaka, kisha hadikoo (mawe ya kujazia) ya 300, maramu laini ya 50 ya kuziba mianya, dawa ya mchwa, karatasi ya nailoni ya geji 1000, waya wa BRC (wavu wa chuma wa kuimarisha zege), zege la sakafu la 150. Juu ya ukuta wa msingi, DPC, yaani utando wa kuzuia maji, ili unyevu usipande. Kila tabaka liwe na mshale na maneno yake. Nimeona mikato mizuri kwa macho ambayo neno DPC halipo, na fundi asipoliona haliweki, kisha baada ya mvua mbili rangi ya sebuleni inaanza kumenyuka chini.

Weka usawa: sakafu iliyokamilika iitwe 0, ardhi ya nje iwe chini yake. Ya Ruai ni 450 chini, kwa sababu jirani alituonyesha maji ya Aprili yalifika wapi.

Kisha paa. Programu za Marekani huandika mteremko kwa 12: yaani 4 kwa 12 maana yake paa linapanda 4 kwa kila 12 za kwenda mbele, ambayo ni kama digrii 18.4. Nusu ya upana wetu ni 4,800, kwa hiyo kilele kinapanda 1,600. Hapo ndipo mchoro unapogeuka kuwa pesa. Ongeza 600 za ukingo wa nje ufikie 5,400 za ulalo wa chini, na kwa mteremko huo bati linahitaji kuwa na urefu wa kama 5,690. Mabati mawili ya mita 3 yakipandana 150 yanafunika 5,850. Yanatosha na karibu hakuna cha kukatwa. Kwa digrii 25 kilele kingepanda hadi 2,240, bati lingehitaji 5,960, na mawili yasingefika. Jaribu miteremko mitatu kabla hujachagua, inachukua dakika kumi.

Karatasi nyingine

Mionekano minne ya nje programu itaitoa yenyewe. Wewe ongeza usawa na majina ya vifaa. Ramani ya paa ionyeshe maji yanakwenda upande gani na mfereji unamwaga kwenye tangi lipi. Ya stima iwe na swichi upande ambao mlango haufungukii. Ya maji taka iwe na chemba kila bomba linapopinda, na uilinganishe na mteremko halisi wa ardhi. Ruai tulikuwa tumepanga shimo la kunyonya maji, lakini udongo mweusi haunyonyi, hivyo mhandisi alilibadilisha.

Maneno: karatasi za kaunti huandikwa kwa Kiingereza. Mimi huongeza tabaka la pili la maelezo ya Kiswahili kwa ajili ya saiti, kama "acha uwazi wa 1,000" au "DPC hapa kabla ya kosi ya kwanza". Likizimwa, karatasi ni ya kaunti. Likiwashwa, ni ya fundi. Kazi ni ya jioni moja, na maswali ya simu hupungua sana.

Kuchapisha

Nyumba ya 9,600 kwa 11,400, kwa skeli ya 1:50, inakuwa milimita 192 kwa 228, inaingia kwenye A3 na nafasi ya vipimo inabaki. Kiwanja kizima kwa 1:100 ni kama 150 kwa 305, nacho kinaingia. Mikato ya msingi na paa iwe 1:20, ukubwa wa kusomeka juani.

Hifadhi kama PDF kwa ukubwa kamili. Ukifika dukani mjini, mwambie anayechapisha asiruhusu mashine ilinganishe mchoro na karatasi, achape asilimia 100. Kisha usiondoke. Toa rula, pima upana wa nyumba kwenye ile ya 1:100. Lazima usome milimita 96. A3 iliyobanwa kwenye A4 itasoma 68, na fundi mwenye rula ya skeli atajenga mita 6.8. Kwa sababu hiyo kila karatasi yangu ina mstari wa mita 5 uliochorwa chini, pamoja na maneno: fuata namba, usipime karatasi.

Kwenye kona ya chini kulia weka jina la mchoro, skeli, tarehe na herufi ya toleo. Ya kwanza A. Msanifu akirekebisha, B. Kaunti ikipitisha, muhuri uwe kwenye toleo hilo na hilo ndilo liende saitini, likiwa ndani ya nailoni, maana mikono ya zege huimaliza karatasi kwa wiki moja.

Na unapopeleka toleo jipya, usiliache tu mezani. Mwombe fundi mkuu karatasi za zamani zote, hata ile iliyokunjwa mfukoni mwa fundi wa mabomba na ile iliyobandikwa mlangoni mwa stoo ya simiti, uzihesabu zilingane na ulizotoa, uondoke nazo.